Amri, Shufaa na Uhuru wa Mja



Ndugu Waislamu, neno uhuru limezoeleka masikioni mwetu kiasi cha kutusahaulisha lilikotoka. Twalisikia katika sherehe za taifa, twaliona katika majina ya barabara na viwanja, na vijana wetu hulitumia kwa maana ya mtu kufanya apendalo bila ya kuulizwa. Asili yake ni neno la Kiarabu, hurr, yaani mtu asiyekuwa mtumwa, na babu zetu wa pwani walilijua kwa maana hiyo kabla ya kulijua kwa maana nyingine yoyote. Hapa Unguja soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Wapo wazee miongoni mwetu waliokaa na bibi zao waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo tukizungumza habari za kufungwa na kufunguliwa, hatuzungumzi jambo la mbali.

Nakusudia hapa uhuru ule ambao hautolewi na serikali wala hauondolewi nayo, nao ni uhuru wa moyo wa mja mbele ya Mola wake. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 35, imetajwa nadhiri ya mke wa Imran alipomtoa kwa Mola wake mtoto aliyekuwa tumboni mwake. Tafsiri za Kiswahili aghalabu hulieleza jambo hilo kwa neno wakfu, na maana hiyo ni sahihi. Lakini neno lenyewe katika Kiarabu ni muharrar, nalo latokana na mzizi ule ule wa hurr, yaani aliyeachwa huru. Mtoto ambaye hatakuwa na shughuli nyingine duniani ila kumtumikia Mwenyezi Mungu, huyo ndiye Qur'ani ilimwita aliyeachwa huru! Tena Sura ya Az-Zumar, aya ya 29, yapiga mfano wa watu wawili, mmoja akimilikiwa na washirika wanaogombana, na mwingine ni wa bwana mmoja tu, kisha yauliza kama hali zao zaweza kuwa sawa. Mwenye mabwana wengi hana raha. Huyu amwita, yule amtuma, na akimridhisha wa kwanza amemkasirisha wa pili.

Maneno haya kila mhadhiri huyasema, nami nimeyasema mara nyingi juu ya mimbari. Taabu yake ni kwamba ni mepesi kuyasema. Msikilizaji hutikisa kichwa, akatoka msikitini, akarudi kwa mabwana zake wale wale: macho ya jirani, maneno ya watu, mganga wa kijiji cha pili, na, tusifichane, sisi wenyewe tunaojiita walinganiaji. Kwa hiyo sitakaa juu sana. Nitamtaja mwanamke mmoja wa Madina, kisha nitamtaja mwanamke mwingine wa mtaani kwetu ambaye jina lake silitaji.

Barira (r.a.) alikuwa mjakazi wa watu wa Madina. Aliandikiana nao mkataba wa kujikomboa, ule ambao Sura ya An-Nur, aya ya 33, imewahimiza wenye watumwa waukubali, kwa wakia tisa, kila mwaka wakia moja. Mzigo ulipomwelemea alikwenda kwa Bi. Aisha (r.a.) kuomba msaada. Bi. Aisha akawa tayari kuzilipa zote kwa mara moja, kwa sharti kwamba walaa, yaani lile fungamano libakialo baina ya mwenye kuacha huru na aliyeachwa huru, iwe yake. Mabwana wa Barira wakakataa. Walitaka fedha, na walaa pia waliitaka. Mtume (s.a.w.) akamwambia Bi. Aisha amnunue na amwache huru, kwani walaa ni ya aliyeacha huru. Kisha akasimama mbele ya watu akawakemea wanaoweka masharti yasiyokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, akabainisha kwamba sharti la namna hiyo ni batili, hata yakifika mia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Tazama, ndugu msomaji, maneno hayo makubwa yalisemwa mahali gani. Hayakusemwa vitani, wala mbele ya mjumbe wa mfalme. Yalisemwa kwa ajili ya mjakazi mmoja na wakia zake tisa.

Kisa hakikuishia hapo. Barira alikuwa na mume, Mughith, naye alikuwa mtumwa. Alipopata uhuru wake alipewa hiari ya kubaki naye au kuachana naye, akachagua kuachana naye. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, na Bukhari amepokea, kwamba Mughith alikuwa akimfuata Barira katika njia za Madina huku analia, machozi yanamiminika ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwonea huruma, akamwambia Barira kuwa ingekuwa vyema lau angemrudia. Hapo Barira akamwuliza kama hiyo ni amri. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba haamrishi, bali anamshufaia tu mumewe. Barira akasema kwamba basi hana haja naye. Na jambo likaishia hapo. Hakukasirikiwa, hakuitwa mkaidi, wala hakuondolewa katika hesabu ya wanawake wema.

Kila niisomapo hadithi hii hunisimamisha. Aliyeuliza ni mwanamke aliyekuwa mtumwa juzi. Aliyeulizwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, imamu wa msikiti na mkuu wa mji. Na aliyeombewa ni mtu wa kuonewa huruma kweli, kwani riwaya hii haikumtaja Mughith kwa ubaya wowote.

Swali la Barira lina pande mbili, na mwenye kushika upande mmoja amelikosa lote. Kwanza, asingeuliza lau hakuwa tayari kutii. Kama jibu lingekuwa ni amri, angerudi kwa Mughith na moyo wake ukiwa mzito, kwa kuwa Sura ya Al-Ahzab, aya ya 36, imekata shauri: Mwenyezi Mungu na Mtume wake wanapohukumu jambo, Muumini hana hiari nyingine. Hapa ndipo wanapokosea wale wanaosema dini iko moyoni, kisha wakaacha sala wakidai wamekuwa huru. Hao wamebadilisha bwana tu. Wametoka kwa Mola wao wakaingia katika mamlaka ya matamanio, nayo hayana siku ya mapumziko. Lakini upande wa pili wa swali una uzito ule ule. Barira alitaka kujua mpaka wa amri uko wapi, ili asifungwe na kitu ambacho Mwenyezi Mungu hakumfunga nacho. Na Mtume (s.a.w.) hakuuficha mpaka huo, ingawa kuuficha kungemfaa Mughith.

Sasa mwanamke wa mtaani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita aliondoka kwa mumewe akarudi kwa wazazi wake. Mume akaja kwetu, wazee watatu wa kamati ya msikiti, nami nikiwa mmoja wao. Alilia mbele yetu. Sisi kwa huruma, na pengine kwa kupenda kuonekana wasuluhishi, tukafunga safari hadi kwa wakwe zake. Yule mwanamke aliketi na mama yake nyuma ya pazia. Alisema hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Alisema moyo wake umekataa, kwamba anachelea akibaki atashindwa kutimiza haki za mume na kumwasi Mola wake, na kwamba yuko tayari kurudisha mahari.

Msomaji mwenye fikihi atatambua kwamba maneno hayo yanakaribiana sana na yale ya mke wa Thabit bin Qays (r.a.). Naye hakumlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini. Mtume (s.a.w.) alimwuliza kama atakubali kurudisha bustani aliyopewa kuwa mahari, akakubali, na Thabit akaamrishwa aipokee bustani yake na amwache. Hadithi hiyo imo katika Bukhari, na ndio msingi wa khului.

Mimi niliijua hadithi hiyo. Nilikuwa nikiisomesha. Siku ile sikuitaja.

Badala yake tulimtajia makamio yaliyokuja juu ya mwanamke anayeomba talaka bila ya dhara, tukamkumbusha ukubwa wa haki ya mume, tukamaliza kwa kumwambia kwamba kurudi ni amri ya Mwenyezi Mungu na kwamba akikataa asimlaumu ila nafsi yake. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo: je, katika dini hakuna njia nyingine? Mwenzetu mmoja akajibu upesi kwamba hakuna. Nami nikanyamaza.

Alirudi. Tulitoka pale tukipongezana. Baada ya miezi saba aliondoka tena, na safari hii hakupita kwetu. Alikwenda kwa Kadhi, akarudisha mahari, akajivua katika ndoa kwa khului kama sheria inavyompa haki. Kabla ya hayo yote alikuwa akihudhuria darsa ya wanawake kila Alkhamisi baada ya Alasiri, tena alikuwa hodari wa kuhifadhi. Hakuonekana tena. Mke wangu alikutana naye siku moja Darajani akamwuliza sababu. Akajibu kwamba akitusikia tunasema hajui tena lipi ni la Mungu na lipi ni letu.

Jibu hilo sijapata la kulijibu. Hatukukosea kwenda kumwombea mume, kwani suluhu ni kheri, na Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, imeagiza waletwe waamuzi, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Wala hatukusema uwongo juu ya ubora wa subira. Tulichokifanya ni kuchukua ombi letu tukalivisha kilemba cha amri. Tulitumia jina la Mwenyezi Mungu kwa haja yetu, na mtu anayemcha Mungu hana nguvu ya kulipinga jina hilo, ndiyo maana tulishinda. Asiyejali dini angetufukuza mlangoni. Kwa hivyo aliyedhurika kwa tendo letu ni yule yule aliyekuwa na imani.

Na si katika ndoa peke yake. Tazama misiba yetu. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa Muuta katika mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Sisi tumeligeuza, na mfiwa ndiye anayewapikia watu. Maiti hajapoa, watoto wake wameshaanza kuhesabu magunia ya mchele na mbuzi wa hitma, kisha ya arobaini. Akisita mmoja wao huulizwa kama marehemu hakuwa na watu. Namjua bwana mmoja aliyelipa deni la duka kwa zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ya pilau, na katika mwaka huo mwanawe alikatizwa masomo. Nilipomwuliza kwa nini hakusema tu kwamba hana, aliniangalia kama niliyemwambia avue nguo barabarani. Sizungumzii hapa khilafu ya wanavyuoni juu ya thawabu za kisomo kumfikia maiti. Hiyo ina mahali pake, na jarida hili limeiandika mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nazungumzia mtu aliyeambiwa na mtaa mzima kwamba ni lazima, na asipatikane hata mmoja wa kumwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakumlazimisha. Sharti lisilokuwamo katika Kitabu lilimkata riziki mtoto yatima.

Ndugu zangu wa jumuiya yetu, najua mnapofika hapa mnafurahi, kwa kuwa hayo ya hitma tumeyakemea miaka na miaka. Tusifurahi haraka. Sisi tumekata kamba za watu tukafunga zetu.

Yuko kijana mmoja alikuja kwetu akitoka katika mambo ya barabarani, ametubu toba ya kweli. Kabla hajajua vizuri kusoma Fatiha tulikwisha kumfundisha kipimo cha suruali yake, msikiti wa kuingia na wa kutoingia, na watu ambao akiwasalimu atatiliwa shaka. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiyaogopa macho ya ndugu zake katika halaka kuliko alivyopata kuyaogopa macho ya mtu yeyote. Siku alipofariki bibi yake aliyemlea alinijia nyumbani kuniuliza kama anaruhusiwa kwenda kumzika, kwa sababu alijua kaburini patasomwa talakini na wenzake wangemwona amesimama pale. Nilimwambia aende akamzike bibi yake. Lakini wakati alipokuwa bado anauliza, jeneza lilikuwa limekwisha kutoka.

Nani alimfundisha kijana yule kwamba kumzika aliyemlea kunahitaji ruhusa ya wenzake? Hakuna aliyemtamkia. Ilitosha kwamba aliona namna tunavyowaangalia watu. Sura ya At-Tawba, aya ya 31, imewalaumu waliowafanya wanavyuoni wao na watawa wao kuwa miungu, na katika hadithi ya Adi bin Hatim (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi, ijapokuwa wanavyuoni wamezungumza juu ya sanad yake, imeelezwa kwamba ibada hiyo ilikuwa ni kuwafuata katika kuhalalisha na kuharimisha. Sisi tumeitumia aya hii juu ya masheikh wa tarika kwa muda mrefu. Sikumbuki kuisikia hata mara moja ikitumiwa juu ya amiri wa halaka.

Anas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bi. Zaynab, akichoka kusimama katika sala hujishika nayo. Akaamuru ifunguliwe, na mtu asali kwa kadiri ya nguvu zake, akichoka akae. Kamba ile haikufungwa na mjinga wala mzushi. Ilifungwa na mwanamke mchamungu, kwa ajili ya sala, ndani ya msikiti wa Mtume. Na juu ya hayo yote ilifunguliwa.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulikwenda kwa yule mwanamke wa mtaani kwetu. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba tulimdanganya siku ile, kwamba njia ilikuwapo na mimi niliijua. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema amesamehe. Tulipewa kahawa. Mke wangu akamkumbusha kwamba darsa ya Alkhamisi bado ipo. Akasema ataangalia. Mpaka ninapoandika haya hajaja, wala sikumtuma mtu kumhimiza, kwani kumhimiza huko nako sasa nakuogopa.

Katika kamati yetu nimependekeza kwamba kila tunapokwenda kusuluhisha, kabla ya kusema neno lolote, mmoja wetu aeleze waziwazi lipi katika tutakayosema ni hukumu ya Mwenyezi Mungu na lipi ni ombi letu, na kwamba ombi letu mtu aweza kulikataa na akabaki Muislamu mwema machoni petu. Nimependekeza pia kwamba mwanamke anayeuliza njia ya kutoka katika ndoa atajiwe khului kama ilivyo katika vitabu, kisha ndipo tumwombee subira. Mzee mmoja ninayemheshimu amepinga. Yeye asema tukiwaambia watu kwamba wanaweza kukataa, basi hakuna atakayerudi kwa mumewe, na nyumba nyingi zitavunjika. Nilimjibu kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona Mughith akilia, na bado alimpa Barira jibu la kweli. Akasema zama zile si hizi. Hatujakubaliana, na shauri limeahirishwa mpaka kikao cha mwezi ujao baada ya sala ya Isha.